Mbwa Aliyemng'ata Wifi Yangu

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana msipoisikia kwangu mtaisikia kwa wifi yangu, naye hutia chumvi. Miaka thelathini na ushee nimefanya kazi ya mifugo, na mbwa nawaogopa. Dume la ng'ombe la pembe ndefu nitalisogelea bila wasiwasi. Nguruwe aliyetoroka pale Chapwa nilimrukia mgongoni, watu wakashangilia. Lakini mbwa akinikazia macho bila kupepesa, natafuta mti wa kupanda. Ninyi vijana mnaotoka vyuoni na makoti meupe, msione haya kuogopa. Mimi woga wangu ulinisaidia, na mpaka nastaafu hakuna mbwa aliyenitia jino.

Jina langu la kazi lilikuwa Bwana Mifugo. Ndiyo, mimi, mwanamke, mama wa watoto wanne. Nilipopangiwa kituo cha kwanza kule bondeni Momba, wazee walinitazama juu mpaka chini wakauliza, "Sasa Bwana Mifugo mwenyewe yuko wapi?" Nikasema ndiye mimi. Wakacheka sana. Jioni ile ile ng'ombe wao akashindwa kuzaa, nikavua viatu, nikapaka mkono sabuni, nikauingiza mpaka begani. Ndama akatoka hai. Tangu siku hiyo nikawa Bwana Mifugo, na hata mume wangu, Mungu amrehemu, aliniita hivyo kila alipotaka chai.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Isansa, nalima kahawa yangu kidogo na kugombana na wifi. Huyu ni dada wa marehemu mume wangu. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na mistari minne ya mibuni, na kila asubuhi hupita humo kuja kuniambia nimepogoa vibaya. Ni mzee wa kanisa, ana sauti ya kuongoza kwaya bila kipaza sauti, na tangu nilipoolewa hajawahi kukiri kosa mbele yangu. Nampenda sana. Msimwambie.

Jumamosi moja ya msimu wa kahawa, kwenye ile baridi ya huku kwetu inayouma masikio, nilikuwa napeleka kahawa mbivu kwenye mtambo wa kuimenya. Nikakuta watu wamesimama duara, kila mmoja na jiwe lake. Katikati, penye ukuta wa mtambo, mbwa mwekundu amejikunyata. Mbavu unazihesabu. Uso umevimba, udenda unamtoka, akijaribu kusimama miguu ya nyuma inapishana. Na macho yote mawili yamefunikwa na ukungu wa buluu.

"Kichaa hicho," akasema mmoja. "Amalizwe tu."

"Kuna aliyeng'atwa?" nikauliza.

Mmoja akahamisha jiwe mkono wa pili.

"Nauliza, kuna mtu ameng'atwa?"

Wote wakasema hapana. Wifi alikuwepo, amejifunga khanga mbili, akatazama pembeni. Mimi nikadhani ni baridi.

Nikawaambia waweke mawe chini. Mbwa anayeshukiwa hauawi ovyo, anafungiwa na kuangaliwa. Hapo jamaa mmoja akanijibu, "Bwana Mifugo si umestaafu? Basi na sheria zako zimestaafu." Watu wakaangua kicheko. Lo! Kama asingesema vile, huenda ningekwenda zangu kunywa uji. Lakini neno lilinichoma. Nikaomba mti mrefu na kamba, nikafunga kitanzi kama nilivyofundishwa, nikampeleka yule mbwa mpaka kwangu, mti ukiwa katikati yetu, yeye anayumba na mimi nasali. Nikamfungia kwenye kibanda cha ndama kilichokuwa kitupu, nikatia kufuli, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la khanga.

Niseme ukweli, yale macho yalikuwa yameniambia kitu. Kule bondeni kuna mbung'o, na mbung'o huleta nagana. Ng'ombe tunawajua, wanakonda na kudhoofu, lakini mbwa akipata nagana macho yake huingia ukungu hivyo hivyo na uso unavimba. Nilishawaona wengi. Ila dhana si kipimo, na kichaa cha mbwa hakina sura moja. Nikamsogezea bakuli la maji kwa fimbo, nikaenda kulala na hofu yangu.

Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, Wifi akaja ameshika mkasi.

"Wifi, hodi. Naomba unikatie manyoya ya yule mbwa. Kidogo tu."

"Ya nini?"

"Ya dawa."

Nikaweka sufuria chini. Mwenzenu nimezaliwa huku huku, najua hayo manyoya hufanya kazi gani. Aliyeng'atwa hutafuta manyoya ya mbwa yule yule aliyemng'ata, yanachomwa, majivu yanapakwa kwenye kidonda, basi watu wanaamini yamekwisha. Bibi yangu alifanya hivyo. Nikamwambia, "Wifi, nionyeshe."

Akainua sketi kidogo. Kwenye shavu la mguu kulikuwa na kitambaa cha khanga kuukuu, na chini yake alama za meno.

"Lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi! Na jana ulisimama pale mtamboni umefunga mdomo?"

Akaanza kujitetea, kisha ikatoka yote. Mbwa alikuwa ameingia jikoni kwake kutafuta joto la mafiga. Yeye akammwagia maji ya moto. Mbwa akageuka, akamkamata mguu, akatoka akiyumba. Mzee wa kanisa kummwagia mnyama mgonjwa maji ya moto, aliona aibu kusema. Lakini aibu ilikuwa nusu tu.

"Mjomba wangu alidungwa sindano za tumboni," akasema. "Moja kila siku. Nilikuwa mtoto, nilimsikia akilia. Mimi kwa tumbo langu hili la visu viwili vya uzazi, siendi."

"Wifi, hizo za tumboni ziliisha zamani! Siku hizi ni begani tu, na ni chache, zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

"Sasa mbona hamkututangazia?"

Wanangu, hapo alinishika pabaya. Miaka yote ile nimepita na kipaza sauti juu ya pikipiki, Mpemba, Chapwa, bondeni kote, nikitangaza leteni mbwa wachanjwe, leteni mbwa wachanjwe. Hata siku moja sikutangaza kwamba sindano za tumboni zimekwisha. Nilijua mimi, nikadhani kila mtu anajua. Ni watu wangapi walificha majeraha yao kwa sababu ya mjomba fulani aliyelia? Sijui, na sipendi kufikiria.

Nilimkalisha kwenye bomba la uani, nikamwosha kile kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima kwa saa ya mkononi. Alinitukana matusi ambayo sikujua mzee wa kanisa anayajua. Osheni hivyo hivyo hata kama jeraha lina siku tatu, msiseme limeshakauka. Kisha tukakodi gari mpaka hospitali ya wilaya. Mimi nilishachanjwa zamani kwa ajili ya kazi, lakini nikaongezwa, maana nilikuwa nimemshika mbwa.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimdunga Wifi begani, Wifi akashangaa imekwisha. Kisha akauliza, "Mbwa yupo hai?"

"Yupo, nimemfungia."

"Safi sana. Msimwue. Akifikisha siku kumi tangu siku aliyomng'ata mama, yuko hai na hali yake inakuwa nzuri, basi siku ile hakuwa na kichaa mdomoni. Akifa kabla, tupeni taarifa upesi, kichwa kipimwe."

"Na akifa?" Wifi akauliza.

"Tutaendelea na sindano, mama. Ulichelewa, lakini tumeanza."

Hakuahidi kitu. Kwenye gari, Wifi alinishika mkono kutoka mjini mpaka Isansa. Hakunishika hivyo hata siku tuliyomzika kaka yake. Alhamisi mpaka Jumapili ni siku tatu, zilibaki saba. Na yule mbwa, niliporudi kumchungulia, alikuwa hawezi hata kuinua kichwa.

Jumatatu asubuhi nikaanza kumtafuta mwenye mbwa. Wiki iliyotangulia wafugaji walikuwa wamepandisha ng'ombe mnadani kutoka bondeni, kwa hiyo nikampigia Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia Momba na ng'ombe wake tangu mimi kijana. Sikumaliza hata kueleza, akaniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kama kawaida yake.

"Mayu! Mwekundu, sikio la kushoto limechanika? Huyo ni Tajiri wangu! Alibaki njiani!"

Mbavu zinahesabika, jina Tajiri. Lakini kama hamjaandika kadi za chanjo ya mbwa, hamjui utamu wa kazi hii. Watu hawampi mbwa jina bure, wanampelekea jirani ujumbe. Nimeandika kwa mkono wangu huu Mtasema Mchana, Hamnilishi, Wivu Hauna Dawa. Pale Mpemba, mtu mmoja alimwita mbwa wake Tutaonana. Jirani yake naye akaleta wake kwenye foleni, nikamwuliza jina, akajibu kwa sauti ya kusikika, "Andika Lini." Nikaandika.

"Mzee Masanja," nikamwuliza, "Tajiri alichanjwa?"

"Ng'ombe wote tulichanja, mayu. Mbwa... tangu ulipostaafu hakuna aliyetukumbusha."

"Amekuwa mgonjwa tangu lini?"

"Mwezi hivi. Tulipita lile pori la mbung'o. Na ng'ombe wangu wawili walikonda."

Nilishusha pumzi nusu. Nusu ya pili ilisubiri Daktari Upendo. Huyu ni daktari wa mifugo mwenye duka la dawa Mpemba, alifanya mafunzo ya vitendo kwangu. Mimi nilimfundisha kushika mbuzi bila kupigwa teke, na yeye sasa ananifundisha kutuma picha kwa simu. Alifika na pikipiki, darubini ameifunga mgongoni kwa khanga, mpita njia angedhani ni mtoto. Zamani zetu damu tuliipaka kwenye kioo, tukakifunga kwa gazeti, tukampa kondakta wa basi akipeleke maabara. Majibu yakirudi, ng'ombe keshaliwa nyama. Upendo alimfunga Tajiri mdomo kwa bendeji, glavu mbili mbili mikononi, akatoa tone la damu sikioni, na kabla chai haijapoa akawa ameweka simu juu ya darubini yake mezani kwangu.

"Mama, tazama."

Katikati ya damu, vitu vidogo vyembamba vilikuwa vinajinyonganyonga kama viluwiluwi.

"Nagana!" tukasema pamoja. Nikaruka, nikamkumbatia.

Yeye akanitoa mikono polepole. "Mama, ulinifundisha mwenyewe. Nagana haizuii kichaa. Anaweza kuwa na vyote viwili."

Kweli nilimfundisha. Nikakaa chini.

Na dawa nayo ilikuwa na matata yake. Dawa ya nagana ni ya ng'ombe. Kwa mbwa inafaa, lakini nafasi kati ya kumponya na kumwua ni nyembamba. Hili nalijua kwa machungu. Mwaka wangu wa pili kazini, nilimdunga mbwa wa mfugaji kwa kukadiria uzito kwa jicho, kama nilivyozoea kwa ndama. Siku ya pili shingo yake ikapinda, akawa anazunguka, akafa mbele ya watoto wa lile boma. Mfugaji alinipa pole yeye. Bosi wangu, Mzee Simbeye, hakunipa pole. Alinipa mzani wa ndoano, akaniamuru nipime kila kitu kwa mwezi mzima: mbuzi, mbwa, kuku, hadi mkoba wake. Kila mara kwanza niseme kwa jicho, kisha nipime. Kila mara nilizidisha. "Jicho lako lina njaa," alikuwa akiniambia, "linaona kilo ambazo hazipo." Nilimchukia mwezi ule wote. Alipofariki nililia kuliko watoto wake.

Basi tulikuwa tunanong'ona jikoni, mimi na Upendo, kama tudunge au tusubiri, Wifi akatokea mlangoni.

"Mnanong'ona nini? Mguu ulioumwa ni wangu."

Nikamweleza wazi. Tajiri ana nagana, hilo tumeliona. Kichaa hatujui. Tusipomdunga, nagana itamwua wiki hii hii kabla siku kumi hazijatimia. Tukimdunga anaweza kupona, na kwa alivyodhoofika sindano yenyewe inaweza kumwua.

"Akifa, mimi nitajuaje?"

"Kichwa kitapelekwa kupimwa. Itachukua muda."

"Na huo muda mimi niko wapi? Nakaa kwenye kiti nasubiri kuogopa maji?"

Akatoka, akasimama mbali kidogo na kibanda, akachungulia kati ya mbao. Kisha akarudi.

"Mdungeni. Mimi nimeshadungwa, na yeye adungwe."

Tukampigia karani wa mizani wa chama cha ushirika, aje na mzani wake wa kuning'iniza wa kahawa. Akaja. Alipoona anayepimwa ni mbwa akarudi nyuma mpaka nje ya uzio, akaurusha mzani juu ya uzio.

"Soma mwenyewe, Bwana Mifugo! Mimi nina watoto!"

Tukaufunga kwenye boriti ya kibanda. Tukapima gunia tupu kwanza, msisahau hilo, kisha gunia na Tajiri ndani, mdomo bado umefungwa. Kabla ya kusoma, Upendo akanigeukia, akauliza, "Kwa jicho, mama?"

"Kumi na nane," nikasema bila kusita.

Mzani ukasema kumi na mbili na nusu. Miaka yote ile ya kazi, na bado jicho langu lina njaa! Upendo akakokotoa kwa simu, akavuta dawa kidogo sana kwenye bomba la sindano, kiasi ambacho ningekicheka. Akamdunga.

"Hiyo kahawa daraja la ngapi?" karani akapiga kelele kutoka nje.

"Ya kuuza nje!" Wifi akajibu. Ndiyo mara ya kwanza alicheka tangu Alhamisi.

Jumanne Tajiri hakula. Jumatano vilevile, na pumzi ilikuwa fupi fupi. Siku ile Wifi alirudi hospitali kwa sindano ya pili, na aliporudi akaja kwangu na joho lake la kwaya limekunjwa vizuri. Akaliweka mezani. "Hili litamfaa binti yako mdogo," akasema. "Na mibuni ya kule chini, ile mipya, mgawane na wanangu, msigombane." Nikamwambia aondoe joho lake mezani kwangu, nataka kulia chakula. Alipoondoka nikafunga mlango, nikalia kwa hasira na kwa hofu. Ningempoteza huyu, nani angenigombeza kwa kupogoa?

Nikatoka na kigoda, nikakaa nje ya kibanda. Nilikuwa nimemfunika Tajiri magunia ya kahawa na kuweka jiko la makaa upande wa pili wa mbao, maana mbwa wa bondeni hawajui baridi yetu. Nikajikuta naongea naye, mimi ninayeogopa mbwa.

"Tajiri, baba, nisikilize. Mimi kwako sina neno. Maji ya moto si mimi niliyekumwagia. Kula kidogo tu."

Nikamsogezea supu ya mifupa kwa upawa niliouunganisha na mti. Hakugusa. Nikaacha pale pale.

Alhamisi asubuhi bakuli lilikuwa limelambwa mpaka likang'aa.

Nilipiga kigelegele peke yangu uani. Wifi akapaza sauti kutoka kwenye mibuni, hakuthubutu kusogea, "Yupo?"

"Yupo! Amekula!"

Ikawa ndiyo salamu yetu. Ijumaa, "Yupo?" "Yupo, amesimama!" Jumamosi, "Yupo?" "Yupo, amekula ugali na dagaa, na macho yanafunguka!" Maana ule ukungu ulikuwa umeanza kutoka pembeni, unaona weusi wa jicho. Wapo waliokuja kuniambia, sasa anakunywa maji, basi hana kichaa, mfungue. Nikawafukuza. Mbwa mwenye kichaa naye anaweza kunywa maji, wanangu, msidanganywe na hilo. Siku kumi ni siku kumi. Kufuli halikufunguka, na upawa wangu wa mti niliendelea nao.

Sitawachosha kwa mausia, mmekwenda shule kuliko mimi. Nawaomba mawili tu. Ukiuliza "nani ameng'atwa" mbele ya watu, uliza tena faraghani, nyumba kwa nyumba, hasa wale wanaotazama pembeni. Na mkitangaza chanjo za mbwa, tangazeni pia kwamba sindano za watu ni za begani. Mimi sasa natangaza. Natangaza msibani, harusini, kwenye foleni ya mtambo. Watu wananiambia, "Bwana Mifugo, tumesikia," nami natangaza tena. Tajiri alidungwa tena kwa ratiba ya Upendo, alichanjwa, na Mzee Masanja alipopanda mnada uliofuata alimkuta mnene, akacheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo hiyo nilipanda gari lake na boksi la barafu lenye chanjo, Upendo nyuma yetu na pikipiki, tukachanja mbwa wa bonde lile hadi mikono ikauma.

Lakini ninachotaka mkione ni ile Jumapili, siku ya kumi.

Jua lilikuwa limeshapanda, umande bado uko kwenye kahawa. Nilikuwa nimevaa nguo za kanisani, nimesimama uani na bakuli la uji wa Tajiri. Nikasikia majani yanachakarika, Wifi anakuja. Safari hii hakusimama kwenye mibuni. Alikuja mpaka uani, amevaa kitenge chake kipya cha kushona, kilemba, viatu vya kisigino, Biblia kwapani. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala. Alifungua mdomo kuuliza, sauti ikakataa kutoka, ile sauti ya kuongoza kwaya. Akajaribu tena.

"Yup..."

Tajiri akambwekea. Tangu aingie kwangu hakuwa ametoa hata mlio. Sasa amesimama kwa miguu yote minne, mkia umekakamaa, macho meupe meupe bado kidogo lakini yanamwona vizuri kabisa huyu mama wa maji ya moto, anambwekea kwa hasira zote za mbwa mzima.

Mimi kwa woga wangu nikaangusha bakuli. Wifi hakurudi nyuma. Alipiga magoti kwenye matope, na kitenge chake kipya, akaweka mikono yote miwili chini, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Nisamehe," akamwambia. "Nisamehe, baba. Bweka tena."

Akabweka tena. Kanisani siku hiyo hatukufika.